Baraza la Kisiwa cha Kutu

Wanyama wa delta ya Rufiji walikuwa na kesi moja isiyokwisha. Ilisikilizwa kila bamvua, maji yakishapwa na kuacha matope wazi, na swali lake lilikuwa lile lile tangu enzi za babu zao: je, Kakakuona alikuwepo kweli? Kama alikuwepo, akili zake zilikuwa timamu? Na kama hakuwepo, ni nani aliyemtunga, na alipata faida gani?

Mshitakiwa hakuwahi kufika barazani, wala hilo halikumsumbua yeyote. Kesi ya asiyekuwepo ina raha yake: hakatizi maneno ya wakubwa, haombi maji ya kunywa, wala hasimami ghafla akasema, "Sikusema hivyo."

Mwenyekiti alikuwa Mzee Kiboko. Hakupigiwa kura, uenyekiti aliupata kwa uzito. Pale alipolala ndipo palipokuwa mbele, na waliobaki walijipanga kumwelekea. Mahali penyewe palikuwa kwenye kisiwa cha kutu: kitu kirefu, kigumu, chenye wekundu wa kichuguu, kilicholala ubavu katika mkono mmoja wa mto, ndani kabisa, maji ya chumvi yanapokutana na maji baridi. Mkoko haukuota juu yake. Mchu haukuota. Mlilana, ambao hujipeleka hata pasipoalikwa, nao ulikataa. Lakini palikuwa pakavu, upande mmoja pana kivuli, pana matundu ya kaa kujifichia, na ukipagonga panalia. Hakuna aliyeuliza kisiwa hicho kilitoka wapi. Kiti kizuri hakiulizwi nasaba.

Yaliyojulikana juu ya Kakakuona mwenyewe yalikuwa haba. Alikuwa mtu wa usiku. Alitoka huko juu kwenye miombo akateremka hadi ukingoni mwa mikoko, akifuata chungu na mchwa, anatembea kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayeomba radhi kwa kupita mbele ya wageni. Kakakuona hana meno. Chakula hukilamba kwa ulimi mrefu kuliko unavyotarajia. Kwa hiyo maneno yake yalitoka yameloa, ya chini chini. Akiguswa hujikunja, magamba yakabaki nje na yeye ndani, na hapo mazungumzo yamekwisha. Sehemu nyingi za Tanzania binadamu wakimpata mmoja humwekea mbele maji, nafaka na silaha, kisha huangalia atagusa kipi, wapate kujua kama mwaka unaokuja ni wa mvua, wa mavuno au wa vita. Wanyama wa delta hawakuwa na adabu hiyo. Kwao alikuwa mzururaji.

Na alikuwa na maneno. Alimweleza kila aliyekutana naye, hata mwenye haraka zake. Alisema maji ya bahari hayajai wala hayapwi yenyewe: kuna bibi mnene amekaa katika mkondo wa Mafia, akivuta pumzi maji yanapwa, akizishusha yanajaa. Alisema mamba waliweka ndimi zao rehani wakashindwa kuzikomboa, ndiyo maana hawazitoi nje. Alisema siafu wanaihamisha nchi yote chini kwa chini, punje kwa punje, na ipo siku tutaamka tukute delta iko Kilwa. Alisema kamba ni wapelelezi, tena waliosomea, na kwamba wanaruka kinyumenyume ili wasiache kukutazama usoni hata wanapokimbia.

Usiku huo huo, kwa sauti ile ile isiyo na meno, alisema na haya. Ndani ya mto kuna mnyama wa chuma, mrefu kuliko mamba 20 waliopangwa kichwa kwa mkia, na amevaa majani. Majani hayo si yake. Yakinyauka huvuliwa, akavikwa mabichi. Utumbo wake uliugua, ukatolewa, ukaburutwa na watu nchi kavu hadi Dar es Salaam, ukatibiwa huko, ukarudishwa. Nje ya midomo ya mto wako wanyama wengine wa chuma wanaomvizia, na hao, kwa hasira, wamemshika mmoja wao wakamzamisha kwa mikono yao wenyewe ili azibe mlango. Na ndege asiye na unyoya, asiyepiga bawa hata mara moja, amepita juu akichungulia.

Msikilizaji wa kwanza wa habari hizi alikuwa Fungo, naye alicheka hadi akasahau alikuwa akienda wapi.

"Utumbo umekwenda Dar es Salaam," akarudia. "Bila mwenyewe?"

"Bila mwenyewe."

"Na ukapokelewa?"

"Ulitengenezwa, kaka. Nimeuona unarudi."

Sasa wewe unayesoma, jiweke mahali pa Fungo kabla hujamcheka. Umeletewa mafungu mawili ya maneno usiku mmoja. Bibi wa Mafia ana mantiki yake: maji kweli yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kazi ya kawaida namna hiyo lazima iwe na mwenyewe. Hata mamba hajapata kuonekana akimtolea mtu ulimi. Lakini utumbo unaosafiri kwenda kutibiwa? Wenye akili wa delta walilishika fungu la kwanza kwa shaka, la pili wakalitupa pale pale.

Mimi ninayehadithia nina bahati ya kuwa nimesoma vitabu ambavyo Fungo hakuvisoma. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliingia bandari ya Zanzibar ikaizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo. Muda si muda mtambo wa Königsberg yenyewe ukavunjika. Nahodha wake, Max Looff, akaiingiza delta ya Rufiji na kuificha, meli nzima ya mita 115. Mabaharia walikata matawi ya mikoko wakayafunga hadi milingotini. Vipande vilivyoharibika vya mtambo vilipelekwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100, vikatengenezwa, vikarudishwa. Na walioviburuta na kuvisukuma, wala huhitaji kuambiwa, hawakuwa akina Looff. Tarehe 10 Novemba Waingereza waliizamisha meli yao wenyewe ya kubebea makaa, Newbridge, katika mkondo mmoja ili kumfungia adui ndani. Mwezi huo huo rubani aitwaye Cutler, aliyekuwa akirusha ndege ya maonyesho huko Durban, aliletwa na ndege yake ya kutua majini, akapaa karibu na Mafia, akaiona meli imelala chini ya majani.

Kwa hiyo fungu la pili lilikuwa kweli tupu, tangu jani hadi utumbo. Fungu la kwanza lilikuwa upuuzi, ukiacha lile la siafu, maana mto Rufiji kweli unaihamisha nchi punje kwa punje, udongo wa mbali ukaja kutua huku na kuota mikoko. Hapo Kakakuona alikosea mfanyakazi tu. Kazi yenyewe ipo.

Tarehe 6 Julai 1915, kisha tena tarehe 11, meli mbili bapa, Severn na Mersey, zilizoundwa kwa ajili ya mito ya Brazil, zilipanda mto na kuipiga Königsberg huku ndege zikizielekeza kutoka juu. Tarehe hiyo ya 11 Looff akaitoboa meli yake mwenyewe ikakaa chini. Mizinga yake 10 ilitolewa ikaenda kupigana nchi kavu. Mmoja unaweza kuuona leo nje ya Fort Jesus, Mombasa, watoto wakiupanda kupigwa picha. Gamba likabaki mtoni.

Wanyama walikuwa wamekimbia mngurumo wa kwanza. Waliporudi walikubaliana kwamba ilikuwa radi ya kusi, na kwamba kisiwa kipya kilichojitokeza ni neema. Kakakuona hakurudi. Pengine alikufa, pengine alipanda juu kutafuta mahali penye mchwa watulivu. Alipokosekana ndipo alipoanza kuwa na maana.

Kambi ya kwanza ilikuwa ya Ngedere, nayo ilisema alikuwepo. Ngedere alidai alikuwa mwanafunzi wake wa karibu, ingawa mwalimu alitembea usiku na mwanafunzi hulala magharibi. Alikuwa na fuko la magamba ya mwalimu, na muumini mwenye ndizi aliruhusiwa kugusa moja. Kakakuona mmoja ana magamba mengi, ni kweli, lakini si mengi kama yaliyopita mikononi mwa Ngedere. (Tusimcheke sana. Binadamu nao wamemchinja mnyama huyu kwa maelfu wakiamini gamba lake ni dawa, ilhali ni kitu kile kile cha ukucha, hadi mwaka 2016 nchi za dunia zikakubaliana kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa.) Kila bamvua mafundisho ya Kakakuona yaliongezeka. Alitabiri ukame. Alitabiri masika. Alisema ngedere ndio watakaorithi nchi. Habari za mnyama wa chuma ziliendelea kutajwa, lakini sasa alikuwa ni roho, na majani yake yalikuwa matendo mema.

Kambi ya pili ilikuwa ya Maalim Bundi, tabibu, naye alisema Kakakuona alikuwepo lakini alikuwa mgonjwa. Sababu aliijua: maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, wana ukali unaopanda kichwani, na Kakakuona aliwala kila usiku. Maalim hakuwahi kumpima mgonjwa, wala kumwona. Alisema hilo ndilo lililomwezesha kufikiri kwa utulivu. Mamba alipiga kura na kambi hii kwa moyo wote, akabana taya asije akaulizwa habari za ulimi.

Kambi ya tatu ilikuwa ya Kunguru, na hii ndiyo iliyokuwa na wasemaji. Kwa Kunguru, Kakakuona hakuwahi kuwako hata dakika moja. Alitungwa na kaa, ili wanyama waogope mkono ule wa mto na matope yabaki yao. Kaa peke yao wasingeweza, kwa hiyo walimpa Fungo kazi ya kueneza habari. Fungo asingekubali bure, kwa hiyo palikuwa na Mamba wa kulipa. Bibi Kobe, ambaye angesema ukweli, alinunuliwa anyamaze, na ushahidi wa kununuliwa kwake ni kwamba amenyamaza. Ule mngurumo wa siku mbili nao ulipangwa, sijui na nani, lakini Kunguru alimjua. Ili kumwondoa duniani mzushi mmoja asiye na meno, Kunguru alihitaji wala njama wengi kuliko waliowahi kukaa katika hadithi zote za mzushi huyo, naye hakuona kasoro. Mwenzake alisema jambo lisiloaminika kwa sababu alikuwa mjinga. Yeye alisema kwa sababu alikuwa amechunguza.

Mzee Kiboko hakuwa na kambi. Alizipenda zote tatu kwa usawa. Alikuwa amegundua kwamba wanyama wanaobishana juu ya Kakakuona hawaulizi kwa nini malisho ya ukingoni yameisha upande mmoja tu, ule anaolala yeye.

Masika moja alikuja mgeni. Korongo mweupe hutoka Ulaya na kuja huku kukimbia baridi, na huyu alikuwa amechelewa kuondoka kwa sababu ya bawa. Alikaribishwa juu ya kisiwa, akasimama kwa mguu mmoja, akasema kwamba kesi ya namna hii kwao ilishaamuliwa zamani, na kwamba anashangaa bado inawashughulisha.

"Kwetu," alisema, "alikuwepo Mfaransa mmoja, Léo Taxil. Mwaka 1885 alitangaza kwamba ametubu ukafiri wake. Kuanzia hapo akawa anaandika vitabu juu ya Frimasoni, kwamba wanamwabudu shetani mafichoni. Vikanunuliwa. Akaja na mwanamke, Diana Vaughan, aliyelelewa humo kwenye ushetani akaokoka, na kumbukumbu zake zikaanza kuchapishwa mwaka 1895. Watu wa dini walimwandikia barua. Wakamwombea. Hakuna aliyemwona. Mwezi Septemba 1896 watu wakubwa walikutana mji wa Trento katika mkutano wa kuwapinga Frimasoni, na humo wakabishana: je, huyu bibi yupo? Ana kichaa? Au ametungwa?"

Baraza lote lilisogea. Hata Kiboko alifungua jicho la pili.

"Na jibu?"

"Taxil aliahidi kumleta hadharani. Tarehe 19 Aprili 1897, Paris, ukumbi wa Chama cha Jiografia, watu wamejaa. Akapanda jukwaani peke yake, akasema: nimewachezea miaka 12. Hakuna ushetani, hakuna lolote. Diana Vaughan ni mwanamke aliyekuwa akinichapia maandishi kwa mashine, naye alifurahia mchezo. Watu wakapandwa na ghadhabu, yeye akatoka chini ya ulinzi."

"Mmesikia?" Kunguru alipiga mbawa. "Ametungwa! Nilisema nini mimi?"

"Mmesikia?" akasema Ngedere. "Mchapaji alikuwepo. Jina lake lilikuwa Diana. Basi alikuwepo."

"Na walioendelea kumwamini baada ya kuambiwa?" akauliza Maalim Bundi.

"Wapo," Korongo alikiri. "Walisema yule aliyekiri ndiye mwongo, na bibi amefichwa."

"Dalili za kawaida," Bundi akasema, na akamwagiza Kenge, karani, aandike neno *dalili*.

Korongo aliendelea kungoja kushukuriwa. Hakuna aliyemwuliza swali ambalo mimi ningemwuliza: kabla ya kubishana kule Trento kama Diana Vaughan yupo, ni wangapi walikwenda kwenye hayo mahekalu ya shetani yaliyotajwa ndani ya vitabu, wakagonga mlango? Maana mahekalu hayana haya ya kuonekana. Yapo au hayapo. Lakini kumjadili mtu kunachangamsha. Mtu ana nia, ana ukoo, ana waliomtuma, ana mahali anapokula. Mlango wa kugonga hauna hayo yote, na mara nyingi uko mbali na chai.

Kwa haki, siku moja hoja hiyo ilitolewa. Aliyeitoa alikuwa Mwari, ndege mkimya mwenye mdomo mkubwa ambaye watu hudhani ana mengi ya kusema. Alisema tu: "Si twende tukamtafute huyo mnyama wa chuma?"

Palikuwa na kimya kizito. Kisha Kiboko akasema hoja ni nzuri, iundwe kamati.

Kamati iliundwa na watu watatu, mmoja kwa kila kambi, na Kenge wa kuandika. Iliondoka kisiwani asubuhi maji yakipwa. Ilikwenda hadi mlango wa Kikunya, ikapinda hadi Simba Uranga, ikashuka Msala, ikapekua kila kichaka cha mkandaa na kila shina la msinzi. Usiku Bundi aliwaongoza, mchana Kunguru. Walirudi wamekonda, wakapanda juu ya kisiwa cha kutu, wakakaa, wakapumua, wakaripoti kwamba delta yote imetazamwa na hakuna chuma popote. Kwa kuwa majani huoza, ripoti iliandikwa mahali pa kudumu: Kenge aliichora kwa ukucha juu ya kisiwa chenyewe, mstari kwa mstari, kutu ikimwanguka miguuni.

Ngedere alisema mnyama amejificha kwa waovu. Bundi alisema matokeo yanalingana na maradhi. Kunguru alisema kamati ilihujumiwa, na alikuwa mjumbe wake.

Baada ya hapo ndipo alipoitwa Bibi Kobe. Ilichukua bamvua nzima kumfikisha, na alipofika alipewa kivuli. Alikuwa ndiye pekee katika delta aliyekuwa hai siku zile na bado ana kumbukumbu.

"Shikamoo bibi," Kiboko akamwamkia, maana hata yeye alikuwa mtoto kwake.

"Marahaba mwanangu. Mnataka nini?"

"Kakakuona. Ulimwona?"

"Nilimwona mara moja. Karibu na mkomafi ule ulioanguka. Alikuwa anakohoa. Alinisalimu vizuri, akaniuliza njia ya maji baridi, nikamwonyesha."

"Alisema nini?"

"Alisema mengi. Habari za bibi mmoja huko Mafia, sikuzielewa. Halafu akasema mtoni kuna chuma kimevikwa majani, twende ukaone, ni karibu. Nikamwambia kesho."

"Na kesho?"

"Kesho kulikuwa na mvua."

Maalim Bundi akainama. "Bibi, ulipomtazama, alikuwa na macho ya wazimu?"

"Alikuwa na kiu."

Baraza likanong'ona. Ushahidi huu haukumfaa yeyote. Ngedere alisema mwalimu hakukohoa kamwe. Mwenye kukohoa alikuwa mwingine aliyefanana naye. Bundi alisema mwendawazimu wa kiwango kile hawezi kuuliza njia na kushukuru. Kunguru alisema, kwa heshima zote kwa mvi za bibi, mtu aliyenunuliwa anyamaze hawezi kusema hivi isipokuwa amenunuliwa mara ya pili. Kenge aliuliza aandike nini. Kiboko akamwambia kwamba maneno yasiyoegemea upande wowote hayaandikwi, yatajaza nafasi.

Ukiniuliza mimi, Bibi Kobe alikuwa amemaliza kesi, ila alichosema hakikuwa na ladha. Kakakuona alikuwepo, alikuwa na kichaa kidogo, si haba, na nusu ya yule aliyekuwa akijadiliwa barazani alikuwa ametungwa na Ngedere kwa ndizi. Vyote vitatu kwa pamoja, katika mwili mmoja wenye kikohozi. Wajumbe walidhani lazima wachague. Na hata wangechagua sawasawa, wasingekuwa wamejua lolote kuhusu mto. Mwehu anaweza kukuambia nyumba inaungua, na nyumba ikawa inaungua. Taxil hakuwa mwehu, na hakusema kweli hata siku moja mpaka ile ya mwisho.

Bibi Kobe aliomba asindikizwe. Alipokuwa akishuka, gamba lake liligonga ukingo wa kisiwa na kisiwa kikalia, mlio mrefu. Akasimama, akasikiliza. "Hiki ni nini?" akauliza.

"Ni baraza, bibi," akajibiwa, na akaendelea na safari.

Miaka ikapita kwa mtindo huo. Kisha walikuja binadamu, mara kwa mara, na vyombo vya kukatia. Walikuwa wakitafuta chuma chakavu cha kuuza. Walikikata kisiwa vipande, wakapakia, wakaondoka, wengine wakaja, na kilichobaki mto ukaendelea kukifunika, maana kitu kizito juu ya matope laini hakina safari nyingine. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 hapakuwa na kitu cha kukalia. Juu palikuwa maji, chini matope, na ripoti ya kamati imo humo.

Baraza lilihamia kwenye ukingo wenye unyevu, likilalamika mgongo. Kizazi kilichofuata kilisikia kwamba wazee walikuwa wakikutana juu ya kisiwa kigumu kilicholia kikigongwa, na mara moja kukawa na kambi. Wako waliosema kisiwa kilikuwepo, na Ngedere, mjukuu wa yule wa kwanza, alikuwa na fuko la kutu. Wako waliosema wazee walikuwa na maradhi ya pamoja. Na Kunguru alisema kisiwa kilitungwa na Kiboko ili aonekane aliwahi kukaa juu ya kitu.

Siku moja kaa mmoja mchanga, kucha bado laini, alipanda juu ya mzizi akaomba nafasi.

"Shikamooni wazee. Bibi yangu alizaliwa ndani ya tundu la hicho kisiwa. Alisema matundu yake yalikuwa ya mviringo, yote ya ukubwa mmoja, yamepangwa mstari. Mimi nimechimba matundu tangu nizaliwe, na sijapata mawili yanayolingana. Nimefikiri hivi: kisiwa hakikuwa kisiwa. Kilikuwa ndicho kile chuma cha Kakakuona. Mlikuwa mmekikalia. Na bado kipo hapo chini, si mbali, maji yakipwa mtu akichimba kidogo atakigusa. Nimegusa."

Alinyanyua ukucha. Ulikuwa na wekundu.

Wajumbe walimtazama kwa muda. Kisha Mwenyekiti, Kiboko wa sasa, akamgeukia aliye karibu.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

"Ni mwanafunzi wangu," akasema Ngedere haraka. "Nilimfundisha mimi."

"Mtazameni macho," akasema Bundi. "Yako nje ya kichwa."

"Mnakimbilia macho," akasema Kunguru. "Kwanza nani amethibitisha kwamba ni kaa?"

Kiboko aliinua kichwa kudai utulivu, na maji yakamtiririka masikioni. Alionekana ameridhika kuliko alivyokuwa kwa siku nyingi. "Kenge," akasema. "Andika. Kesi ya pili, bamvua ijayo. Shahidi aje na mzazi."

Kenge akanyoosha ukucha, akageuka kushoto na kulia juu ya matope, na akauliza aandike wapi.